MAJANI MAKAVU NA HABARI ZA MVUA

Hotuba ya Katibu kwa wanachama, Masuguru, siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Ushirika wetu



Nimepewa nafasi ya kusema machache katika siku hii ya furaha, ambayo Ushirika wetu watimiza miaka kumi. Wasemaji walionitangulia wameeleza habari za hisa, za hesabu na za majengo, nao wameeleza vema. Mimi nataka kusema juu ya jambo ambalo halina ukurasa wake katika daftari la hesabu, ingawa hutia mkono katika kila ukurasa wa daftari hilo. Jambo lenyewe ni majani makavu ya mifugo yetu, ambayo mabwana mifugo huyaita hei, pamoja na habari za mvua ambazo kwazo twaamua siku ya kuyakata.

Kila mwaka, masika yakiisha, swali moja huulizwa Masuguru, barazani, kisimani na mahali pa kupokelea maziwa: tukate leo, au tungoje? Na kila mwaka wapo wanachama wanaosikia kwamba siku zijazo ni za jua, wakakata, na siku ya pili mvua ikashuka juu ya majani yaliyolala chini. Hapo huzuka maneno makali. Mmoja husema utabiri wa hali ya hewa ni uongo mtupu, na heri kuacha kuusikiliza. Mwingine husema chama kipeleke mashitaka kwa wakubwa. Wa tatu hunyamaza, na ukimya wake ndio mzito kuliko maneno ya wote, maana amekwisha kukopa fedha kwa kuyatumainia marobota ambayo sasa hayapo.

Kabla ya kuamua nani mwenye haki katika ugomvi huu, yatupasa kutazama kwanza ni kitu gani kilicho hatarini.

Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 huhitaji chakula kikavu cha kilo zipatazo 10 kila siku. Tangu vuli iishe mpaka masika yaanze, nyika ya Handeni na mabonde ya Korogwe hukauka, na malisho hupungua. Tukihesabu siku 90 za kiangazi hicho, ng'ombe mmoja atataka kilo 900. Robota lililoshindiliwa kwa mkono katika kasha la mbao huwa na uzito wa kilo 20 hivi. Basi ng'ombe mmoja, ikiwa hapati kingine, ataka marobota 45. Mwenye ng'ombe watatu ataka 135. Asiyekuwa nayo humtazama ng'ombe wake akikonda, maziwa yakikauka, na ada ya shule ya watoto ikipotea pamoja na maziwa hayo. Au humwuza ng'ombe kwa bei ya huruma wakati ambapo kila mtu auza.

Na marobota hayo yote hutegemea siku chache za jua. Majani yanapochanua maua ndipo yafaapo kukatwa, na wakati huo, katika kila kilo 100 za majani mabichi, kilo 75 au zaidi ni maji. Hei haiwezi kuwekwa ghalani kwa salama mpaka maji yake yapungue yawe kama sehemu 15 tu katika 100. Maana yake ni kwamba kilo 100 za majani mabichi hutoa kilo zipatazo 30 za hei, na kilo 70 zilizobaki ni maji ambayo hayana budi kuchukuliwa na jua na upepo. Kazi hiyo yataka siku mbili au tatu za jua zuri, na mikono ya kugeuza majani mara kwa mara. Na twajua sote kwamba mikono hiyo, nyumbani kwetu, mara nyingi ni ya akina mama.

Sasa ikinyesha mvua ndogo tu, ya milimita 5, ambayo mtu aliye chini ya mwembe huenda asiijali, ekari moja itakuwa imemwagiwa maji zaidi ya lita 20,000. Mvua hiyo huosha sukari iliyomo katika majani na kuyafuta rangi ya kijani, nayo huleta ukungu. Mtu akiyafunga majani hayo yangali na unyevu, robota hupata joto kwa ndani, na rundo kubwa laweza hata kuwaka moto lenyewe. Ukungu nao si jambo la kuchezea. Mwaka 1 tu, 2016, sumukuvu iliyotokana na mahindi yaliyoota ukungu iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo hiyo, ng'ombe akiila katika chakula chake, sehemu yake hutoka katika maziwa, na maziwa hayo hunywewa na watoto wetu.

Huenda mtu akasema: basi na tungoje mpaka tuwe na yakini ya jua. Walakini kungoja nako kuna bei yake. Majani yaliyopita wakati wa maua huzaa mbegu, shina hukomaa likawa kama kijiti, na nguvu ya chakula hutoka. Mwenye kungoja yakini huvuna mabua. Ng'ombe hujaza tumbo, wala maziwa hayaongezeki. Kwa hiyo aliyekata mapema aweza kupata hasara kwa mvua, na aliyengoja hupata hasara kwa kukomaa kwa majani. Hakuna upande usio na hatari, na kwa sababu hiyo swali letu la kila mwaka ni gumu.

Sasa nije kwenye utabiri wenyewe.

Neno hili, kutabiri, kwa asili yake ya Kiarabu, lina maana ya kufasiri, kama vile mtu afasirivyo ndoto. Mwenye kufasiri hutazama dalili zilizo mbele yake, akasema zaelekea kuwa na maana gani. Yeye si nabii, wala hakupewa ufunuo. Wahenga wetu walisema: dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema mawingu ni ahadi ya mvua.

Idara ya serikali ya kutazama hali ya hewa katika nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki iliundwa mwaka 1929, wakati wa utawala wa Waingereza. Kazi hiyo ilifanywa kwa pamoja na Kenya na Uganda mpaka Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, ndipo nchi yetu ikaunda idara yake. Idara hiyo ikawa Wakala mwaka 1999, na kwa sheria ya mwaka 2019 ikawa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Hao ndio watoao utabiri wa msimu, wa siku kumi na wa kila siku, ambao twausikia redioni na kuusoma katika simu zetu.

Kwa nini basi mara nyingine maneno yao hayafanani na yale tuyaonayo shambani? Nitataja sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni upana wa eneo. Utabiri wa msimu unapotaja pwani ya kaskazini, hutia pamoja mkoa wetu wa Tanga, mikoa ya Pwani na Dar es Salaam, kaskazini ya Morogoro, na visiwa vya Unguja na Pemba. Fikirini mbali iliyopo kutoka milima ya Usambara mpaka kisiwa cha Mafia! Neno likisemwa kwa nchi yote hiyo laweza kuwa kweli kwa jumla yake, na lisiwe kweli kwa shamba lako. Hata hapa kwetu, Lushoto hupata mvua iliyosimamishwa na milima, na Handeni hukosa. Nasi tulio katikati huona wingu likitupita likaenda kwa jirani.

Sababu ya pili ni namna ya mvua yetu. Katika nchi za baridi, kama Ulaya, mvua nyingi huletwa na mawingu mapana yanayosafiri mamia ya kilometa, na mtaalamu huyaona yangali mbali. Katika nchi zetu za joto, mvua nyingi huzaliwa papo hapo: jua hupasha ardhi, hewa yenye unyevu kutoka baharini hupanda, na ifikapo alasiri wingu limesimama juu ya kijiji kimoja na kukiacha kijiji cha pili. Aidha, baada ya masika, upepo wa kusi huleta manyunyu kutoka bahari ya Hindi, na ndiyo mvua za mchoo ambazo hutushukia mwezi wa Julai na Agosti, wakati majani yetu yako chini. Mtaalamu aweza kusema kwa haki kwamba mkoani kutakuwa na vipindi vifupi vya mvua katika maeneo machache. Hawezi kusema kwamba eneo mojawapo ni ekari yako.

Sababu ya tatu ni tofauti ya misimu. Vuli hutabirika kuliko masika. Vuli hufuata sana hali ya bahari kubwa: maji ya bahari ya Hindi yakiwa na joto zaidi upande wetu kuliko upande wa Indonesia, vuli hujaa, kama ilivyojaa mwaka 1961, mwaka 1997 na mwaka 2019. Joto la bahari hubadilika polepole, na kwa hiyo wataalamu hupata nafasi ya kuliona kabla. Masika hayana kiongozi mmoja aliye wazi namna hiyo, na wataalamu wa dunia nzima hukiri kwamba ni magumu kuyatabiri. Bahati yetu ni kwamba kukata hei hutegemea mwisho wa masika, yaani sehemu iliyo ngumu katika msimu ulio mgumu.

Ndugu wanachama, sisi si watu wa kwanza kuugombeza utabiri. Huko Uingereza, afisa wa jeshi la majini aliyeitwa Robert FitzRoy alianza kutoa utabiri wa kila siku katika gazeti la Times mwezi wa Agosti 1861. Yeye mwenyewe aliwaonya watu wasiuchukue kuwa ni unabii. Walakini magazeti yalimdhihaki kila alipokosea, na baada ya kufa kwake mwaka 1865 kazi ile ilisimamishwa, pamoja na ishara za kuwaonya mabaharia juu ya dhoruba. Ikawaje? Mabaharia wenyewe ndio waliolalamika, na ishara za dhoruba zikarudishwa. Watu wale walijua kwamba onyo linalokosea mara kwa mara lilikuwa bora kwao kuliko kimya.

Na karibu na sisi, mwezi wa Aprili 2021, pwani yetu ilionywa juu ya kimbunga Jobo. Kimbunga kile kilidhoofika baharini kabla ya kutufikia, na wengi wakacheka. Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Mei 2024, tulionywa juu ya kimbunga Hidaya. Hicho kilifika. Kiliipiga Mafia, na mvua yake ikakata barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara. Yule aliyejifunza kutokana na Jobo kwamba maonyo ni uongo, alijifunza somo ambalo Hidaya lilimtoza gharama.

Wapo wazee wetu wanaosema kwamba dalili za zamani zilikuwa za kweli kuliko redio. Maneno yao yastahili heshima, wala si ya Masuguru peke yake. Jirani zetu wa Lushoto, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine walikaa na wakulima wakaandika dalili zao: kuchanua kwa miti, mwenendo wa ndege na wadudu, na hali ya upepo, kisha wakazilinganisha na utabiri wa wataalamu, na taarifa yao ikatoka mwaka 2015. Kabla yao, mwaka 2010, Dakta Ladislaus Chang'a, ambaye baadaye alishika uongozi wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, aliandika pamoja na wenzake juu ya dalili wanazozitumia wakulima wa Rungwe na Kilolo. Na huko Bunyore, magharibi ya Kenya, wazee wa ukoo wa Nganyi, ambao tangu kale wanajulikana kwa elimu ya mvua, wamekaa meza moja na wataalamu wa serikali ili wapatane juu ya neno la kuwaambia watu kabla ya msimu kuanza.

Basi elimu hizi mbili hazina ugomvi. Lakini natuseme kweli: dalili za wazee zilifundishwa kwa ajili ya kupanda, ili mtu ajue msimu u karibu au u mbali. Kukata hei kwataka kujua siku tatu zijazo. Mti unaochanua hausemi habari ya Jumatano. Kwa hiyo wazee watusaidie kuujua msimu, redio itusaidie kuzijua siku, na sisi wenyewe tujue namna ya kufanya kazi hata wote wawili wakikosea.

Na hapa ndipo lilipo neno langu kuu la leo. Utabiri ni kipimo, si ahadi. Kazi ya chama cha ushirika ni kupanga shughuli hata utabiri ukisadiki sote tufaidike, na ukikosea asiwepo hata mmoja atakayeangamia. Hilo mkulima aliye peke yake haliwezi. Sisi twaliweza.

Naomba ruhusa nieleze kwa mfano. Chukulieni mtu mwenye ekari tatu za majani, naye amesikia utabiri wa jua ambao, kwa kuupima miaka mingi, husadiki mara saba katika kumi. Akizikata ekari zote tatu siku moja, mara tatu katika kumi atapoteza zote. Lakini akikata ekari moja, akaianika na kuifunga, ndipo akate ya pili, na baadaye ya tatu, mambo hubadilika. Ikiwa siku za kukata zimeachana vya kutosha, hata mvua moja isiweze kuziharibu mbili kwa pamoja, basi kupoteza ekari zote tatu hutokea mara zipatazo 3 tu katika 100. Na mara zipatazo 78 katika 100 ataokoa ekari mbili au zaidi.

Mwenye hesabu kali ataniambia: kwa muda wa miaka mingi, watu hawa wawili watapoteza majani kwa kiasi kimoja. Ni kweli. Walakini ng'ombe hali wastani wa miaka mingi. Hula kiangazi hiki, na akikosa kiangazi hiki hatakuwapo katika wastani wa mwaka ujao. Aliyepoteza theluthi atakaza mkanda. Aliyepoteza yote atauza ng'ombe.

Kwa hiyo naleta mbele yenu mashauri matano, nayo nayaweka mikononi mwenu mpaka Mkutano Mkuu.

Shauri la kwanza ni kwamba kila mwanachama akate kwa mafungu matatu, wala asikate zaidi ya theluthi kwa wakati mmoja, hata kama redio yasema jua na mbingu zasema jua. Na fungu lisizidi kiasi ambacho nyumba yake yaweza kukigeuza na kukikusanya kabla ya giza, wingu likionekana.

Shauri la pili ni vichanja. Majani yaliyolala chini hulowa juu kwa mvua na chini kwa ardhi; yaliyoanikwa juu ya kichanja cha miti hupitiwa na upepo, na maji ya mvua hutiririka. Miti twaijua, na kamba tunazo. Mwenye turubai alikunje karibu na shamba, asiliache nyumbani.

Shauri la tatu: majani yakiwa tayari na mvua haijakatika, tusishindane na mbingu. Mabingobingo na mabua mabichi ya mahindi yaweza kukatwakatwa, yakashindiliwa katika shimo au mfuko mzito wa plastiki, yakafunikwa hata hewa isiingie, nayo huwa saileji. Saileji haihitaji jua la siku tatu. Yataka mikono mingi kwa siku moja. Na mikono mingi ndiyo mali ambayo ushirika haujapungukiwa nayo.

Shauri la nne ni vipima mvua. Kila tawi liwe na kipima mvua kimoja mahali pa wazi, na kijana mmoja aliyesoma aandike kila asubuhi milimita zilizonyesha, na pembeni aandike neno lililosemwa na utabiri wa siku hiyo. Baada ya miaka michache hatutabishana tena kama utabiri ni kweli au ni uongo. Tutajua, kwa hesabu yetu wenyewe, kwamba hapa Masuguru mwezi wa Juni husadiki mara ngapi katika kumi, na mwezi wa Julai mara ngapi. Mwenye kujua mizani yake inakosea kwa kiasi gani, aweza kuitumia bila kupunjwa. Na daftari hilo tutawapa wataalamu pia, maana vituo vyao ni vichache na nchi ni pana. Huenda siku moja neno lao likatukaribia zaidi kwa sababu ya takwimu zetu.

Shauri la tano ndilo kubwa. Kila mwanachama atakayefunga marobota kumi, moja liwe la ghala la chama. Mwanachama ambaye mvua imemharibia apewe mkopo wa majani kutoka ghala hilo, naye alipe kwa majani mwaka unaofuata. Nimesikia tayari neno la kupinga: kwamba mvivu atakula jasho la mwenye bidii. Neno hilo ni la haki na lastahili jibu. Kanuni iwe kwamba mkopo atapewa yule tu aliyekata kwa mafungu, akageuza, na kazi yake ikaonwa na kamati ya tawi. Aliyekata zote siku moja kwa kubahatisha, ghala halitamjua. Namna hiyo tutamsaidia aliyepatwa na mvua, na hatutamlipa aliyecheza kamari.

Robota litakaloingia ghalani na likaguliwe. Shika kichala cha majani, ukikunje na kukisokota: kikilainika na kuacha unyevu mkononi, hakijakauka, kikivunjika, kimekauka. Baada ya kupanga, chomeka nondo katikati ya rundo, iache kwa muda, kisha uitoe uiguse. Ikitoka ya moto, bomoa rundo siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Na kasha la kufungia si kitu cha kuagiza mbali. Ni mbao nne zilizopigiliwa, bila kitako wala mfuniko, urefu wa sentimeta 85, upana 55 na kina 45. Seremala wetu yeyote aweza kulitengeneza. Kamba hutandikwa kwanza, majani yakashindiliwa kwa miguu, na kamba zikafungwa.

Juu ya kamba hizo naomba niseme neno moja la mwisho. Mkonge uliletwa katika mkoa wetu huu mwaka 1893 na Richard Hindorf. Miche 62 tu iliyosalimika katika safari ndiyo iliyozaa mashamba yote tuyaonayo kutoka Korogwe mpaka pwani. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mkonge huo ilisokotwa kuwa kamba za kufungia hei ya wakulima wa Ulaya na Marekani, mpaka kamba za plastiki zilipokuja na kuinyang'anya soko lake. Baba zetu na babu zetu walikata mkonge Korogwe, na ng'ombe wa watu wengine walikula kiangazi chao na baridi yao kwa sababu ya kamba zile. Si vibaya sasa kamba hizo zikafunga majani yetu wenyewe.

Miaka kumi iliyopita tulikubali kuuza maziwa yetu pamoja, kwa sababu tuliona kwamba mmoja mmoja tulipunjwa na wanunuzi. Leo naomba tukubali kuigawana hatari ya mvua, kwa sababu mmoja mmoja twashindwa na mbingu. Wanunuzi tulipatana nao kwa maneno. Mbingu hazipatani na mtu. Lakini jirani hupatana na jirani.

Wajumbe wa matawi watayasoma mashauri haya vijijini, na Mkutano Mkuu ndio utakaokata neno kabla ya masika kuisha. Atakayeona kasoro na aiseme mapema, ili isahihishwe majani yangali yamesimama.

 Mwenyezi Mungu atujalie masika mema, na jua la kutosha baada yake.